Kisiwa Kidogo Mbele ya Dola Kubwa: Miaka 60 ya Madai ya Chagos

Tarehe 22 Mei 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu visiwa ambavyo Waafrika wengi hawakuwa wamewahi hata kuvisikia. Azimio liliitaka Uingereza iondoe utawala wake katika visiwa vya Chagos ndani ya miezi 6. Nchi 116 zilikubali. Nchi 56 hazikuegemea upande wowote. Zilizokataa zilikuwa 6 tu: Uingereza yenyewe, Marekani, Australia, Israel, Hungary na Maldives.

Tuitazame vizuri hesabu hiyo. Uingereza na Marekani zina viti vya kudumu katika Baraza la Usalama, zina majeshi yanayofika kila pembe ya dunia, zina mabalozi karibu kila mji mkuu. Siku ile zilitafuta wenzao ukumbini, wakapatikana wanne. Nchi iliyozifikisha hapo ni Mauritius, yenye watu milioni moja na laki mbili na ushei, isiyo na jeshi, na ambayo nchi kavu yake yote ni kilomita za mraba zipatazo 2,000, yaani haikizidi sana kisiwa cha Unguja.

Wasikilizaji, ushindi ule haukupatikana kwa bahati, wala kwa huruma ya wakubwa. Ulijengwa kwa zaidi ya miaka 50, na serikali zilizokuwa zikipokezana madaraka na kuchukiana waziwazi nyumbani, lakini zikirithishana jalada moja la Chagos bila kulitupa. Jalada hilo linafaa kusomwa na kila anayefanya kazi katika wizara ya mambo ya nje ya nchi maskini. Lina mbinu, lina subira, na lina doa moja kubwa ambalo tutalifikia.

Habari inaanzia London, Septemba 1965. Viongozi wa Mauritius walikuwa wameitwa Lancaster House kujadili katiba na uhuru. Chagos ni kundi la visiwa zaidi ya 50 vilivyo kilomita zipatazo 2,200 kaskazini-mashariki ya Mauritius, na Waingereza walikuwa wakivitawala kama sehemu ya koloni hilo. Kumbe tangu mwanzoni mwa 1964 maofisa wa Uingereza na Marekani walikuwa wanazungumza faraghani kuhusu kituo cha kijeshi katika Bahari ya Hindi. Makoloni yalikuwa yanapata uhuru moja baada ya jingine, na Marekani ilitaka mahali ambapo hakuna serikali mpya ya Kiafrika au ya Kiasia itakayokuja kuifukuza. Kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos, Diego Garcia, kilifaa: kina wangwa mpana unaoweza kuhifadhi meli, na kiko mbali na njia za watu.

Ilibidi kwanza Chagos itenganishwe na Mauritius. Tarehe 23 Septemba 1965 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alikutana na Seewoosagur Ramgoolam, kiongozi wa ujumbe wa Mauritius. Waraka wa ndani aliokuwa ameandaliwa Wilson na katibu wake, ambao miaka mingi baadaye ulitolewa hadharani, ulimshauri amtishe mgeni wake kwa kumpa matumaini: aone kwamba uhuru unaweza kuja, na papo hapo aogope kwamba hautakuja kama hatakuwa mwelewa kuhusu visiwa. Ramgoolam alikuwa mtu wa koloni akizungumza na mwenye koloni, katika jumba la mwenye koloni, huku uhuru wa watu wake ukiwa mezani kama dhamana. Alikubali.

Wapo Wamauritius ambao hawakumsamehe kamwe. Walisema ameuza visiwa kwa pauni milioni 3, maana hiyo ndiyo fidia iliyotolewa. Hukumu hiyo ina ukali uliozidi. Mkutano ule ulipokwisha, ujumbe wa Mauritius ulihakikisha ahadi kadhaa zinaingia katika kumbukumbu za maandishi: kwamba Wamauritius wataendelea na haki za kuvua samaki, kwamba faida ya madini na mafuta yatakayopatikana huko itakuwa yao, na kwamba visiwa vitarudishwa siku ambapo havitahitajika tena kwa ulinzi. Wakati ule zilionekana ahadi za kumtuliza aliyeshindwa. Nusu karne baadaye zilikuja kuibana Uingereza mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Aliyesisitiza mistari ile michache iandikwe aliifanyia nchi yake kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ilitangaza koloni jipya, Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, likijumuisha Chagos pamoja na visiwa vitatu vilivyotolewa Shelisheli: Aldabra, Farquhar na Desroches. Mwezi uliofuata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2066 kuitaka Uingereza isiimegue Mauritius. Haikusikiliza. Desemba 1966 ilitiliana saini na Marekani makubaliano ya miaka 50 ya kutumia visiwa hivyo kwa ulinzi. Malipo hayakuandikwa wazi. Marekani iliipa Uingereza punguzo la hadi dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris, na hata Bunge la Marekani lilifichwa. Shelisheli ilirudishiwa visiwa vyake ilipopata uhuru mwaka 1976. Aldabra ilikuwa imeshanusurika kujengewa uwanja wa ndege za kivita, baada ya wanasayansi kupaza sauti kuhusu kobe wakubwa na ndege wa kisiwa hicho.

Watu wa Chagos hawakupata watetezi kama hao.

Visiwa vile vilikuwa na wenyeji. Wafaransa walipoanzisha mashamba ya minazi mwishoni mwa karne ya 18 walipeleka watumwa, wengi wao kutoka Msumbiji na Madagaska. Baada ya utumwa kufutwa walibaki pale pamoja na vibarua waliotoka India, wakakausha mbata, wakakamua mafuta ya nazi, wakazika wazee wao, wakawa na Krioli yao na ngoma yao ya sega ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2019 kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Hao ni ndugu wa damu wa watu wa pwani hii ya Afrika. Kati ya 1967 na 1973 Uingereza iliwaondoa wote, watu wapatao 1,500 hadi 2,000. Waliokwenda Mauritius kutibiwa au kutembelea jamaa walizuiwa kurudi. Meli za chakula zilipunguzwa. Mbwa wao waliuawa. Wa mwisho waliondolewa katika visiwa vya Peros Banhos, sehemu ya Chagos, mwaka 1973 kwa meli iliyoitwa Nordvaer, kila mtu na sanduku lake, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Wengi waliishia katika vitongoji maskini vya Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, kama Roche Bois na Cité La Cure, bila kazi waliyoijua na bila ardhi. Katika barua za ofisini, maofisa wa London walikuwa wameelewana kuwaita vibarua wa muda, ili Umoja wa Mataifa usije ukadai kwamba pale pana wananchi.

Serikali mpya ya Mauritius ilifanya nini? Kwa miaka kama kumi na miwili tangu uhuru wa tarehe 12 Machi 1968, kidogo sana. Sababu inaeleweka, ingawa haifurahishi. Nchi ilikuwa inaishi kwa sukari, na soko kubwa la sukari hiyo lilikuwa Uingereza, baadaye Jumuiya ya Ulaya kupitia mkataba wa Lomé wa 1975. Nchi inayotegemea zao moja na mnunuzi mmoja hupima kila neno. Sauti za mwanzo kuhusu majeshi kuingia bahari hii zilitoka kwingine: mwaka 1971 Sri Lanka, ikiungwa mkono na Tanzania, ilipeleka Umoja wa Mataifa hoja ya kuifanya Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, na azimio likapita Desemba mwaka huo. Wakubwa walilipuuza, na lami ya uwanja wa ndege wa Diego Garcia ikaendelea kumwagwa.

Mambo yalibadilika mwaka 1980. Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Freetown ulidai Diego Garcia irudishwe kwa Mauritius, na tangu hapo wajumbe wa Port Louis wakaanza kuitaja Chagos katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mwaka baada ya mwaka. Waliosikia walichoka. Wao hawakuchoka. Katiba ya nchi ikarekebishwa ili Chagos, ikiwemo Diego Garcia, itajwe kwa jina kuwa sehemu ya Mauritius. Hatua hiyo haikumwondoa askari hata mmoja kisiwani, lakini katika sheria za kimataifa kunyamaza kwa muda mrefu kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kukubali. Kila hotuba ya Septemba jijini New York ilikuwa ni kukataa kunyamaza.

Hapa panafaa kutuliwa kidogo, maana ndipo penye somo la kazi. Kwa nini Mauritius haikuishtaki Uingereza mapema katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague? Kwa sababu mahakama ile haisikilizi kesi kati ya nchi mbili mpaka zote mbili ziwe zimekubali mamlaka yake. Uingereza ilikuwa imekubali, ila ikaweka sharti kwamba haitashtakiwa na nchi mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 2004 serikali ya Paul Bérenger ilifikiria njia ya ujasiri: Mauritius ijitoe katika Jumuiya ya Madola, kisha ishtaki. Uingereza ilipopata fununu ilibadilisha sharti lake upesi, likahusu pia nchi zilizowahi kuwa wanachama. Mlango ukafungwa.

Mwaka huohuo mlango mwingine ulifungwa kwa Wachagosi wenyewe. Mmoja wao, Olivier Bancoult, fundi umeme aliyezaliwa Peros Banhos, alikuwa ameishinda serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London mwezi Novemba 2000. Majaji walisema kuwafukuza watu wale kulikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 2004 serikali ikatumia amri za Malkia, zisizopitia bungeni, kuwapiga marufuku tena. Bancoult alirudi mahakamani, akashinda mara mbili zaidi, kisha mwaka 2008 akashindwa katika ngazi ya juu kabisa kwa majaji 3 dhidi ya 2.

Ilionekana hakuna njia iliyobaki. Aliyefungua njia mpya ni Uingereza yenyewe. Tarehe 1 Aprili 2010 ilitangaza Chagos kuwa hifadhi kubwa ya bahari ambamo uvuvi wa kibiashara ni marufuku. Wapenda mazingira walishangilia. Desemba mwaka huo nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizovuja zilionyesha ofisa wa Uingereza akiwaeleza Wamarekani kwamba hifadhi hiyo ingewafanya Wachagosi washindwe kabisa kudai kurudi. Mauritius ikafungua shauri chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao una njia ya usuluhishi ya lazima isiyohitaji ridhaa mpya ya mshtakiwa. Kwa kutangaza hifadhi ya samaki, Uingereza ilikuwa imeingia katika uwanja ambao haikuweza kutoka.

Uamuzi ulitolewa tarehe 18 Machi 2015. Wasuluhishi wote watano walikubaliana kwamba hifadhi ilitangazwa kinyume cha mkataba, kwa kuwa ahadi za 1965 zinaifunga Uingereza kisheria na Mauritius haikushauriwa ipasavyo. Ndiyo zile ahadi za Lancaster House. Kuhusu swali kubwa, la visiwa ni vya nani, watatu walisema hawana mamlaka ya kulijibu. Wawili walisema wanayo, wakaenda mbele na kueleza kwamba kumegwa kwa 1965 kulipuuza umoja wa ardhi ya Mauritius. Mmoja wa hao wawili alikuwa Jaji James Kateka wa Tanzania, mwingine Rüdiger Wolfrum wa Ujerumani. Maoni ya wachache hayana nguvu ya hukumu. Hata hivyo yaliwapa mawakili wa Mauritius moyo na hoja za kwenda mbali zaidi. Mchango huo wa Mtanzania hautajwi vya kutosha hata Tanzania kwenyewe.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kijanja kwa maana njema ya neno. Ikiwa Mauritius haiwezi kuishtaki Uingereza, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linaweza kuiuliza mahakama swali. Kinachotolewa huitwa maoni ya ushauri, na hakihitaji ridhaa ya Uingereza. Kinachohitajika ni wingi wa kura, na katika Baraza Kuu kura ya Mauritius ni sawa na ya Marekani. Swali likaundwa kwa uangalifu mkubwa. Halikuuliza visiwa ni vya nani, kwani hapo nchi nyingi zenye migogoro ya mipaka zingeogopa. Liliuliza kama kazi ya kuondoa ukoloni Mauritius ilikamilishwa kihalali mwaka 1968. Kuondoa ukoloni ni kazi ya Baraza Kuu lenyewe tangu azimio 1514 la mwaka 1960. Lilikuwa linaulizia jambo lake.

Kundi la nchi za Afrika lilibeba hoja hiyo, na Congo ya Brazzaville ndiyo iliyoiwasilisha kwa niaba yao tarehe 22 Juni 2017. Nchi 94 zilikubali, 15 zilikataa, 65 zilikaa kando. Miongoni mwa waliokaa kando walikuwa wanachama wengi wa Umoja wa Ulaya, na wakati nao ulikuwa muhimu: mwaka mmoja nyuma Waingereza walikuwa wamepiga kura ya kujitoa katika umoja huo. Miaka ya nyuma London ingeweza kutegemea Ulaya isimame nayo. Miezi michache baadaye Uingereza ilikosa hata kiti chake cha ujaji katika mahakama ya The Hague, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1946. Mwanadiplomasia mzuri wa nchi ndogo husoma kalenda ya wakubwa, na Port Louis iliisoma.

Septemba 2018 shauri lilisikilizwa. Aneerood Jugnauth, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa na umri wa miaka 88, alisimama mwenyewe mbele ya majaji. Mwaka 1965 alikuwa kijana katika ujumbe wa Lancaster House. Sasa alikuwa wa mwisho aliyebaki hai kati ya waliokuwepo, na aliieleza mahakama namna uhuru na visiwa vilivyofungwa kamba moja. Kisha ukaonyeshwa ushahidi wa Liseby Elysé, mama wa Peros Banhos, kwa njia ya video kwa lugha yake ya Krioli. Alieleza jinsi walivyopakiwa katika Nordvaer akiwa mjamzito wa miezi minne, na mtoto wake akafa alipozaliwa. Dakika chache za mama yule ziliwafikisha majaji mahali ambapo kurasa elfu za hoja za sheria hazikuweza kuwafikisha. Afrika haikuiacha Mauritius peke yake: Umoja wa Afrika ulituma mawakili, na Kenya, Zambia, Botswana, Nigeria na Afrika Kusini zilikuwa miongoni mwa nchi zilizozungumza mahakamani.

Maoni ya mahakama yalisomwa tarehe 25 Februari 2019 na rais wake, Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Majaji 13 kati ya 14, akiwemo Julia Sebutinde wa Uganda, walisema ukoloni Mauritius haukuondolewa kihalali kwa sababu Chagos ilitengwa bila ridhaa huru ya watu wake, na kwamba Uingereza lazima ikomeshe utawala wake huko haraka iwezekanavyo. Aliyepinga alikuwa jaji wa Marekani peke yake. Ikafuata ile kura ya Mei tuliyoanza nayo.

Uingereza ilijibu kwamba maoni ni ushauri tu na muda wa miezi 6 ukapita bila bendera kushushwa. Mauritius haikupiga kelele. Iliendelea na kazi ndogondogo. Ramani ya Umoja wa Mataifa ikabadilishwa ili Chagos ionekane kuwa ya Mauritius. Mwaka 2021 Umoja wa Posta Duniani ulikataza stempu za koloni lile. Mwaka huohuo jopo la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, katika shauri la mpaka wa bahari kati ya Mauritius na Maldives, lilisema suala la mamlaka juu ya Chagos limekwisha kuamuliwa. Februari 2022 Mauritius ilikodi meli, ikawapandisha Bancoult, Elysé na wenzao pamoja na balozi wake wa Umoja wa Mataifa, Jagdish Koonjul, ikaenda Peros Banhos na kupandisha bendera bila kuomba ruhusa ya London. Novemba mwaka huo Uingereza ilitangaza kwamba iko tayari kujadiliana.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Oktoba 2024 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, na mwenzake wa Mauritius, Pravind Jugnauth, mwana wa Aneerood, walitangaza maafikiano. Mwezi mmoja baadaye Wamauritius walimwondoa Jugnauth kwa kura na kumrudisha Navin Ramgoolam, mwana wa yuleyule Seewoosagur wa 1965. Ramgoolam alitaka masharti yaangaliwe upya, na mkataba ukatiwa saini tarehe 22 Mei 2025. Unasema Chagos yote ni ya Mauritius. Unaipa Uingereza haki ya kuendesha kambi ya Diego Garcia kwa miaka 99, kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Saini haimalizi kazi: mkataba wa namna hii hauanzi kutumika mpaka taratibu za bunge za London zikamilike, na wapinzani wake huko hawakuwa wachache.

Sasa tulifikie lile doa. Asubuhi ya siku ya kutia saini, Wachagosi wanawake wawili wenye uraia wa Uingereza walikuwa mahakamani London wakijaribu kuuzuia mkataba. Zuio la usiku lilidumu saa chache, likaondolewa. Malalamiko yao ni mazito na hayajajibiwa: katika mazungumzo ya serikali mbili, wenyeji hawakuwa na kiti. Mkataba unairuhusu Mauritius kuwarudisha watu katika visiwa vingine, lakini Diego Garcia, walikozaliwa wengi wao, hairuhusiwi kukaliwa na raia. Umetengwa mfuko wa pauni milioni 40 kwa ajili yao, na mpangaji wa matumizi yake ni serikali ya Port Louis, serikali ambayo katika miaka ya 1970 ilipewa pauni 650,000 za kuwasaidia na kukawia miaka kuwagawia.

Wachagosi wenyewe hawana kauli moja. Kundi la Bancoult linaunga mkono mkataba. Wengi wa walioko Crawley, mji wa Uingereza ulio karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, wanaupinga, na wapo wasiotaka kabisa kuwa chini ya Mauritius kwa sababu walipofika huko walibaguliwa na kuachwa katika umaskini. Tofauti hizo zilikuwa sababu ya kuwauliza. Hazikuwa sababu ya kuwaruka. Mwaka 1965 watu hawa waliamuliwa na mataifa mawili bila kuulizwa. Mwaka 2025 hali ilijirudia, na safari hii moja ya nchi zilizoketi mezani ni ile iliyowatumia kama mashahidi wake kule The Hague. Ushahidi wa Liseby Elysé ulisaidia kuleta kura 116. Deni hilo ni la Mauritius.

Kuna jambo jingine ambalo wakosoaji wa nje hulitaja, kwamba Mauritius iliyopinga ukoloni imekubali kambi ya kijeshi kwa karne nzima. Baadhi ya ndege zilizokwenda kuipiga Iraq mwaka 1991 na 2003, na Afghanistan mwaka 2001, ziliruka kutoka Diego Garcia. Port Louis haikuficha kwamba haikusudii kuifunga. Ilisema kambi inaweza kubaki, na pengine bila kauli hiyo London isingeketi mezani. Katika kisiwa cha Agalega cha Mauritius, India nayo imejenga uwanja wa ndege na gati, vilivyozinduliwa Februari 2024. Nchi ndogo iliyo katikati ya njia za meli huishi kwa kupima nani apewe nini na kwa bei gani. Anayeilaumu kwa hilo aeleze kwanza ilikuwa na silaha gani nyingine.

Kwa serikali za Afrika Mashariki, jalada la Chagos lina mambo matatu ya kuchukuliwa moja kwa moja: nyaraka za mikutano ya zamani zitunzwe kana kwamba kesho zitasomwa mahakamani, vijana wasomeshwe sheria ya bahari kwa wingi, na mgogoro wa taifa usiwe mali ya chama kilichoko madarakani. Kenya na Somalia zimekwisha kufika The Hague kwa ajili ya mpaka wa bahari, na gesi ya pwani ya Tanzania na Msumbiji haitaacha kuleta maswali ya namna hiyo.

Na kwa nchi zilizoipa Mauritius kura zao mwaka 2017 na 2019, kazi bado ipo. Zina haki ya kuiuliza Port Louis, katika vikao vya Umoja wa Afrika na hadharani, ni lini Wachagosi watakaa katika bodi ya mfuko wao kwa wingi wa viti, na mpango wa kuwarudisha katika visiwa vya Peros Banhos na Salomon una bajeti gani na meli gani. Kura zile ziliombwa kwa jina la watu hao. Waulizwe wao wanataka nini, waulizwe kwa kura, na waulizwe wakiwa bado hai wale waliozaliwa kule.